Miezi mitatu na seti ya lemna: ilivyonionyesha sumu ya vifaranga wangu ilikotoka

Nilinunua seti hii nikiwa na uchungu. Nazalisha vifaranga wa samaki, na kwa wiki sita tangi moja kati ya matano lilikuwa likinimalizia kazi yote. Asubuhi nakuta kumi wamelala ubavu, kesho yake thelathini, matamvua yamefunikwa na ute. Matangi manne yaliyo kando yake yalikuwa salama, na yote matano yanapata maji ya kijito kilekile. Nilipima kwa vikaratasi: pH, yaani kipimo cha uchachu, 6.4, amonia hakuna, nitriti hakuna. Oksijeni ilitosha. Nikapeleka chupa maabara, wakapima nilichowaomba wapime, majibu yakarudi yaleyale niliyokwisha kuyaona. Kwenye karatasi maji hayana shida, na mimi bado natoa samaki wafu kila asubuhi.

Mfugaji mwenzangu mmoja ndiye aliyenisukuma. Aliniambia, "Dada, kemikali ziko maelfu, utapima ngapi? Weka kitu hai humo uone kinafanywa nini." Basi nikaagiza seti ya kupimia maji kwa lemna. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa sababu seti za aina hii ziko nyingi na zinafanana sana, na mengi nitakayoyasema yatamfaa yeyote atakayenunua mojawapo.

Lemna ni ule mmea mdogo unaotandaa juu ya maji yaliyotulia kama zulia la kijani. Wengi huuchanganya na azola. Ukiutazama kwa karibu utajua: azola ni jamii ya kangaga, ina magamba yaliyopangana na mara nyingi hugeuka nyekundu, lemna ni jani moja laini la duara lenye ukubwa wa punje ya mtama, na chini yake unaning'inia mzizi mmoja tu, mweupe, mwembamba kama uzi. Wataalamu wa mimea hukataa kuliita jani, maana ni shina na jani vilivyoungana, lakini mimi nitaliita jani ili tuelewane. Jani hilo huzaa jingine ubavuni, nalo huzaa jingine, na majani hubaki yameshikana vikundi vya mawili, matatu, manne kabla ya kuachana. Hiyo ndiyo siri ya kipimo chote: mmea unaojiongeza kwa kasi namna hii, ukiguswa na sumu, kasi hupungua, na kasi mtu anaweza kuihesabu kwa macho.

Kipimo chenyewe hakikubuniwa na wauzaji wa maboksi. Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, lilikitolea kiwango namba 20079 mwaka 2005, na OECD, shirika la nchi kadhaa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ikatoa mwongozo wake namba 221 mwaka 2006. Vyote viwili ni vya siku 7. Unaweka majani machache kwenye maji unayoyashuku, mengine kwenye maji safi yenye virutubisho ya kulinganishia, unawasha taa bila kuzima, unalinda joto libaki karibu na nyuzi 24, na siku ya saba unahesabu. Nilichopenda tangu mwanzo ni kwamba boksi hili linafuata njia hiyo karibu hatua kwa hatua, ila linamwachia mtu wa kawaida vyombo anavyoweza kuvishika.

Ndani nilikuta chupa ndogo yenye lemna hai juu ya agari, yaani utomvu wa mwani ulioganda kama jeli, chupa ya virutubisho vilivyokolezwa, vikombe 24 vya kioo na vifuniko vyake, kioo cha kukuza, taa bapa ya LED, kipimajoto na kijitabu cha kurasa 16. Pia unapewa programu ya simu inayohesabu majani kwa kupiga picha. Vikombe ni vizuri sana: vizito, havina rangi, na vifuniko vinaacha hewa ipite bila maji kukauka. Katika siku 7 maji yalishuka kwa upana wa kucha tu. Kioo cha kukuza nacho ni cha kweli, si kile cha kuchezea watoto.

Lemna yenyewe ilifika nusu yake imekuwa ya manjano. Kifurushi kilikuwa kimekaa njiani kwenye joto. Niliwaandikia, wakatuma chupa nyingine bila kubishana. Lakini jambo ambalo halikuandikwa mahali popote panapoonekana ni kwamba hata ikifika nzima huwezi kuanza kupima kesho yake. Inabidi kwanza uikuze hadi ipate wingi, kisha uizoeze kwa angalau siku 7 kwenye taa ileile, joto lilelile na maji yaleyale ya virutubisho utakayotumia kwenye kipimo. Mimi ilinichukua karibu wiki tatu. Mtu ambaye samaki wanamfia leo anahitaji kuambiwa hili kabla hajaagiza.

Wiki ya kwanza ya kipimo iliharibika, na hapa ndipo malalamiko yangu makubwa yanapoanzia. Nilianza na majani 12 katika kila kikombe. Siku ya saba vikombe vya kulinganishia, vile visivyo na kitu chochote kibaya, vilikuwa na wastani wa majani 61. Programu ya simu ikaniwekea alama ya kijani na kuniambia kipimo kimekamilika. Hakikukamilika. Mwongozo wa OECD unataka lemna ya kulinganishia iongezeke maradufu ndani ya siku 2.5 au chini ya hapo, yaani majani 12 yafike kama 84 baada ya wiki. Yangu yalichukua karibu siku 3 kuongezeka maradufu. Maana yake mmea wenyewe ulikuwa mnyonge, na mmea mnyonge hauwezi kutoa ushahidi. Programu inajua nilianza na ngapi na nikamaliza na ngapi. Hesabu ya kunionya ni mstari mmoja tu. Kwa nini haikuwekwa? Mtu mwingine angechukua majibu yale akaenda nayo kwa jirani yake kumlaumu.

Nilipotafuta sababu nikakuta mbili. Usiku joto la chumba lilikuwa likishuka chini ya nyuzi 20. Na taa haimuliki sawasawa: katikati nilipata karibu lux 7,000 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga), kwenye pembe 4,500, wakati mwongozo unataka kati ya 6,500 na 10,000. Nilipimia kwa simu, kwa hiyo tarakimu ni za kukadiria, ila tofauti ya katikati na pembeni ilionekana hata kwa macho, na vikombe vya pembeni ndivyo vilivyokuwa na majani machache. Dawa yake haikuwa ngumu. Nilichukua boksi kuukuu la kuhifadhia barafu, nikaweka vikombe ndani na taa juu, nikaviacha vikae katikati tu, na kila asubuhi nikavibadilishia nafasi bila kufuata mpangilio. Joto likatulia kati ya 23 na 25. Wiki iliyofuata vikombe vya kulinganishia vilifika 98. Nilifurahi mno kuona zulia lile limejaa kikombe.

Furaha hiyo ilikatika nilipohesabu maji ya tangi lenye vifo. Nilikuwa nimechota maji yanayoingia kwenye tangi, nikayachanganya na virutubisho kama kijitabu kinavyoagiza, na majani yakatoka 12 hadi 91. Karibu sawa na maji safi. Kwa hiyo mmea nao ukaniambia maji ni mazuri. Usiku ule nilikaribia kulirudisha boksi.

Kilichoniokoa ni kuisoma lebo ya chupa ya virutubisho, zile herufi ndogo za chini. Kulikuwa na EDTA. Hii ni kemikali inayozikamata metali na kuzishikilia. Imewekwa humo kwa nia njema: bila yake chuma hutuama chini, mmea ukakikosa ukaanza kuwa na manjano. Lakini mkono huohuo unaokamata chuma unakamata pia shaba, zinki, kadmi na risasi, na metali iliyoshikwa hivyo haiwezi kuudhuru mmea kama ile iliyo huru majini. Kama sumu ya maji yangu ilikuwa metali, mimi mwenyewe nilikuwa nimeimwagia dawa ya kuituliza kabla ya kuuliza kama ipo.

Niliwaandikia tena wauzaji. Baada ya siku mbili nikapata jibu kutoka kwa mtu ambaye bila shaka mikono yake inashika vikombe kila siku, kwa namna alivyoeleza. Akathibitisha nilichohisi, akasema wanayo chupa isiyo na EDTA, akanitumia, akanionya kwamba vikombe vya kulinganishia vitakua polepole kidogo na majani yatapauka kidogo. Huduma hii naipa alama zote. Lakini naomba waelewe: jambo hili lilitakiwa liwe ukurasa wa kwanza wa kijitabu, kwa herufi kubwa. Anayenunua seti ya namna hii mara nyingi anashuku bomba, karakana, mgodi au paa. Anashuku metali. Kumpa chupa inayoificha metali bila kumwambia ni kumpotezea wiki nzima, na kwangu mimi wiki nzima ilikuwa vifo vingine.

Wiki ya tatu nilipanga vizuri zaidi. Nilichukua sampuli tatu: moja kijitoni, juu ya mahali pa kuchotea; ya pili kwenye mdomo wa bomba la tangi lile, alfajiri, maji ya kwanza kabisa kutoka; na ya tatu kwenye mdomo huohuo baada ya kuyaacha yatiririke dakika kumi. Vikombe vitatu kwa kila sampuli, sita vya kulinganishia, majani 12 kila kimoja.

Siku ya tatu sikuhitaji kuhesabu. Nilichukua kioo cha kukuza nikainama juu ya kikombe cha maji ya alfajiri. Vile vikundi vya majani matatu na manne vilikuwa vimeachana, kila jani linaelea peke yake, yametawanyika kama watu waliokimbia. Mizizi ilikuwa imekatika. Ililala chini ya kikombe kama nywele zilizonyolewa, na majani yaliyobaki juu yalikuwa yanapauka kuanzia ukingoni kuelekea kati. Kikombe cha kijito, kilichokuwa kando yake, kilikuwa na vikundi vizima na mizizi mirefu iliyonyooka. Nilivitazama vile vikombe viwili kwa muda mrefu. Zaidi ya miezi miwili nilikuwa nazunguka na tatizo nisilolijua umbo, na sasa lilikuwa mbele yangu kwenye vikombe vya kioo.

Siku ya saba hesabu zikawa hivi, kwa wastani: kulinganishia 88, kijito 85, maji yaliyotiririka dakika kumi 63, maji ya alfajiri 34.

Hapa sharti nieleze namna ya kukokotoa, kwa sababu programu ya simu ilinipa jibu ambalo lingeniaibisha. Iliandika kwamba maji ya alfajiri yamezuia ukuaji kwa asilimia 71. Nilipokokotoa mwenyewe kwa kasi ya ukuaji nikapata asilimia 48. Zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti. Asilimia 71 inatokana na majani yaliyoongezeka: kulinganishia yaliongezeka 76, ya alfajiri yakaongezeka 22. Asilimia 48 inatokana na kasi: unachukua logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) ya idadi ya mwisho, unatoa logi asilia ya idadi ya mwanzo, unagawa kwa siku 7. Kulinganishia inatoka 0.285 kwa siku, ya alfajiri 0.149. Kwa kuwa lemna hujizidisha kama riba juu ya riba, tofauti ndogo ya kasi huzaa tofauti kubwa ya idadi, na tofauti hiyo ya idadi huendelea kupanuka kadiri siku zinavyoongezeka. Kasi ndiyo inayoweza kulinganishwa kati ya kipimo cha wiki hii na cha mwezi ujao. Kwa kasi, maji yaliyotiririka yalizuia asilimia 17, na kijito asilimia 2, ambayo ni sawa na hakuna. Programu haikuandika popote imetumia njia ipi. Ukienda mbele za watu na asilimia 71, na mwenzako akaja na 48 kutoka kwenye vikombe vilevile, nani atawaamini nyote wawili?

Na kuhesabu kwa picha pia nimekuacha. Majani yakipandana programu inaona moja. Jani changa linalochungulia ubavuni kwa mama yake, ambalo kwa utaratibu linahesabiwa mara tu linapotokeza nje ya ukingo, programu hailioni kabisa. Nahesabu kwa kioo na kidude cha kubonyeza, dakika nne kwa kikombe.

Turudi kwenye maji. Kijito hakina hatia. Maji yakilala bombani usiku yanaumiza zaidi, yakitiririka yanapungua makali. Sumu haikutoka juu kwa majirani niliokuwa nimeshaanza kuwaangalia kwa jicho baya. Ilikuwa ndani ya uzio wangu. Tangi lile ndilo pekee ambalo fundi aliliunganishia bomba la shaba, kama mita sita, wakati wa matengenezo. Matangi mengine ni ya plastiki mwanzo hadi mwisho. Maji ya kijito changu ni laini, chokaa ni kidogo, na yana uchachu kidogo, na maji ya namna hiyo huyeyusha shaba kutoka kwenye bomba, hasa yakikaa ndani bila kutembea. Nilirudi maabara na chupa mbili, safari hii nikawaambia wapime shaba. Waliikuta kwenye maji ya alfajiri, na kwenye ya kijito hawakuikuta. Nikang'oa bomba siku ileile. Vifo vilikoma ndani ya wiki.

Nasema haya ili nitenganishe kazi ya mmea na kazi ya maabara. Lemna haikuniambia "shaba". Dalili zile, vikundi kuachana na mizizi kukatika, shaba husababisha, lakini si shaba peke yake. Nilichopata kutoka kwa mmea ni mahali na saa: hapa pana madhara, pale hapana, asubuhi ni mabaya zaidi. Nikiwa na hivyo viwili, swali la kupeleka maabara likawa fupi na la kujibika. Kabla ya hapo nilikuwa nawapelekea maji na kuwaambia "angalieni", na hakuna maabara inayoweza kuangalia kila kitu.

Kuna mambo mmea huu hauwezi kuyaona, na kijitabu kinayapita haraka mno. Hauoni vijidudu. Maji yenye kinyesi yanaweza kuikuza lemna vizuri ajabu, maana kwake ile ni mbolea. Mtu asije akaona kikombe kimejaa kijani akadhani maji yanafaa kunywa. Dawa nyingi za kuua wadudu, zile za jamii ya pairethroidi kwa mfano, humuua samaki kwa kiasi ambacho mmea hauhisi chochote. Upande wa pili, dawa za kuua magugu kama atrazini, zinazozuia mmea kutengeneza chakula kwa mwanga, lemna huzihisi mapema wakati samaki bado anaogelea. Kwa hiyo kikombe kizuri hakikupi kibali cha kufungulia maji kwenye vifaranga. Kikombe kibaya ndicho cha kukitilia maanani, na kukirudia mara moja zaidi kabla ya kumwonyesha mtu kidole.

Baada ya hapo nilijaribu pia aina ya pili ya seti, inayotumia spirodela badala ya lemna. Ni ndugu yake mkubwa, majani mapana zaidi, chini yana rangi ya zambarau na mizizi kadhaa kwa kila jani. Uzuri wake ni kwamba haiji hai kwa maana ya kijani. Inakuja na turioni, yale machipukizi ya kulala ambayo mmea hutengeneza ili kuvuka msimu mbaya. Ni vitu vidogo vya kahawia iliyoiva, vinakaa kwenye friji hadi utakapovihitaji. Unaviamsha kwa mwanga na joto la nyuzi 25 kwa siku 3, kisha kila kimoja unakiweka kwenye kishimo chake kwenye sahani yenye vishimo 48, unapiga picha, unangoja saa 72, unapiga picha tena, unapima eneo la jani la kwanza. Nayo ina kiwango chake cha ISO, namba 20227 cha mwaka 2017. Nilikuwa nimehifadhi kipande cha lile bomba. Nikakiziba upande mmoja, nikakijaza maji ya kijito, nikakiacha usiku kucha, na safari hii niliagiza virutubisho visivyo na EDTA tangu mwanzo. Majani ya maji yale hayakufika nusu ya eneo la majani ya kulinganishia. Siku sita jumla, bila kulea kitu chochote wiki tatu kabla. Mwenye dharura achukue hii. Mimi kwa kazi ya kila wiki nimebaki na lemna, kwa sababu mizizi na vikundi vyake vinasema mambo ambayo picha ya eneo la jani haisemi, na kwa sababu ukishaizoea inajilea yenyewe.

Kwenye boksi la lemna kuna pia chati ya rangi inayofundisha kuusoma mto kwa mimea inayoota humo bila kupima chochote. Wazo ni zuri na lina mizizi mirefu: Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya maji ya mwaka 2000, uliiweka mimea ya majini kati ya viumbe vinavyotumika kuamua hali ya mito na maziwa. Mimea kama kara, ambayo kwa kweli ni mwani mkubwa wenye harufu kali ukiukanda, hupenda maji maangavu yenye fosfati kidogo, na hutoweka maji yakirutubika kupita kiasi. Seratofilamu, ule mmea usio na mizizi wenye mikia kama ya mbweha, huvumilia na hata kunenepa palepale. Lakini chati imechora spishi za nchi za baridi tu, na picha ni ndogo kiasi kwamba mimea miwili tofauti inaonekana mmoja. Ukiwa mahali ambapo mimea hiyo haioti, chati haikusaidii. Wangeitoa, wakaweka ukurasa wa EDTA mahali pake.

Neno juu ya gugumaji, maana wengi wameniuliza kama wanaweza kutumia lile badala ya kununua. Lile hufaa kwa kazi nyingine. Linanyonya metali na kuziweka zaidi kwenye mizizi kuliko kwenye majani, kwa hiyo ukipeleka mizizi yake maabara utapata picha ya kilichopita mtoni kwa wiki kadhaa, hata kama leo maji ni safi. Lakini ni gumu, huvumilia mengi. Ukilingoja likwambie kwa kunyauka utangoja sana. Na kulibeba kutoka mto mmoja hadi mwingine msithubutu.

Hilo linanileta kwenye lemna iliyokwisha kutumika. Kijitabu kinasema "tupa". Naomba msiitupe kijitoni, kwa sababu iliyokuja kwenye chupa inaweza kuwa si spishi ya mto wenu, na jani moja likibaki hai linatosha kuanzisha zulia. Wala msiwape samaki majani yaliyotoka kwenye sampuli, kwa kuwa yamekwisha kunywa kile mlichokuwa mnakitafuta. Mimi nayaanika juani kwenye sahani hadi yawe makavu kabisa, ndipo naenda nayo kwenye taka.

Kama unaagiza sasa, omba chupa isiyo na EDTA kwenye oda ileile ya kwanza, waulize lemna itakaa njiani siku ngapi, na uwe na daftari. Programu ya simu unaweza hata usiipakue. Mimi kila Jumamosi nahesabu vikombe vitatu vya maji ya mdomo wa lile tangi, ambalo sasa lina bomba la plastiki, pamoja na vitatu vya kulinganishia. Jumamosi iliyopita tangi lilikuwa 86 na kulinganishia 87, vikundi vizima, mizizi yote ipo.